Mwandishi niliyemwamini kaingia kwenye mkeka. Je, nilidanganywa?

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tangu mwaka 2013 nimekuwa nikinunua gazeti moja la kila wiki kwa sababu ya safu ya mtu mmoja tu. Alikuwa akiikosoa serikali bila kupepesa macho. Makala zake nimezikata na kuzihifadhi kwenye faili, na nyingine nimewasomea wanafunzi wa kidato cha nne tukijifunza insha za hoja. Mwezi uliopita mkeka wa uteuzi wa Rais ulipotoka, jina lake lilikuwamo. Wenzangu katika ofisi ya walimu wananicheka: 'Alikuwa anapiga kelele ili aonwe, sasa analamba asali.' Je, alikuwa ameshanunuliwa tangu zamani? Mwandishi wa maoni si anatakiwa asiwe na chama? Na jambo la pili: gazeti dogo la mkoani kwetu limeniomba niandike safu. Kadi ya chama ninayo tangu chuoni. Nikubali au ninyamaze?"*

Mwalimu, faili hilo usilitupe. Tutalirudia, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo. Kwenye mkeka halimo, na kwenye vicheko vya ofisi ya walimu halimo.

Nimekaa kwenye dawati la makala kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kupokea safu, kuzisoma, kumpigia mwandishi simu saa tatu usiku kumuuliza "hii takwimu umeitoa wapi?", na mara nyingine kuzitetea mbele ya watu waliotaka zisitoke. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekaa jikoni. Na nikikusoma vizuri, kinachokuuma zaidi ni wale wanafunzi. Uliwasimamia mbele ukawaambia "hivi ndivyo hoja inavyojengwa", na sasa unaogopa kwamba uliwapa noti bandia. Hofu hiyo naielewa, ila sehemu yake imesimama juu ya jambo ambalo si kweli. Tuanze na hilo.

Mwandishi wa safu anaruhusiwa kuwa na chama. Anayebanwa ni ripota. Ripota akienda kwenye mkutano wa hadhara, idadi ya waliofika na maneno yaliyosemwa jukwaani yanapaswa kutoka vilevile, hata kama angeenda mwenzake wa kambi nyingine. Ndiyo maana vyumba vingi vya habari vinamtaka aache siasa mlangoni. Safu ni kazi nyingine. Tumemwita mtu kwenye ukurasa ule ili atuambie anaonaje. Asiye na msimamo akiandika safu utasinzia kabla ya aya ya tatu. Nimewahi kuzihariri za namna hiyo, na mimi mwenyewe nilisinzia.

Angalia historia yetu. Mwanahabari Jenerali Ulimwengu (Jenerali ni jina lake, si cheo) aliwahi kuwa mbunge, mtu wa CCM, chama tawala, tangu enzi za chama kimoja. Ukada huo haukumzuia kuandika mambo yaliyowachoma wakubwa wa chama hichohicho, na mwaka 2001 serikali ikatangaza kwamba si raia wa Tanzania. Upande wa pili yuko Samson Mwigamba. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani, CHADEMA, mkoa wa Arusha, na safu yake ilitoka Tanzania Daima, gazeti ambalo kila muuza magazeti alijua liko karibu na nani. Makala yake ya Novemba 2011, waraka kwa askari, ilimfikisha mahakamani kwa uchochezi pamoja na mhariri Absalom Kibanda. Waliachiwa huru Januari 2014. Hao wawili unaweza kubishana nao mpaka alfajiri, ila huwezi kusema walikuficha wametoka wapi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi ni hili: unaweza kuwaudhi watu wako mwenyewe? Adui kila mtu anaweza kumuudhi, tena hupigiwa makofi. Lakini kumwandika vibaya mtu ambaye kesho mtakaa naye meza moja kwenye harusi, hapo ndipo kalamu inakuwa nzito.

Kuna neno jingine tunalolichanganya: haki. Wasomaji wengi wananiandikia wakidhani safu ya haki ni ya nusu kwa nusu, aya moja kwa huyu na aya moja kwa yule. Hiyo ni mizani ya sukari. Haki katika safu ni kuieleza hoja ya mpinzani wako kiasi kwamba mwenyewe akiisoma aseme, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema," kisha ndipo uivunje. Rudi mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba likiwa Dodoma. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu, ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika, badala ya mbili zilizopo. Aliyeandika "wanaotaka serikali tatu wanataka kuvunja Muungano" hakutenda haki, hata kama serikali mbili ndizo bora. Aliyeanza kwa kueleza manung'uniko ya Zanzibar na lile swali la Tanganyika iko wapi, akaonyesha Tume ilivyojaribu kuyajibu, halafu akasema "lakini gharama na mvutano wa serikali ya tatu vitatuzamisha", huyo alitenda haki, na alikuwa na upande wazi kabisa.

Sasa lete faili.

Nchi hii iliwahi kuwatungia waandishi wa safu mtihani ambao wewe na mimi tusingeweza kuutunga vizuri zaidi. Mtihani huo ni Edward Lowassa. Septemba 2007, pale viwanja vya Mwembe Yanga, Dar es Salaam, Dkt. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, alisoma orodha ya watuhumiwa wa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura. Ikapita miaka saba. Julai 2015 jina lake likakatwa Dodoma kwenye mchujo wa CCM wa mgombea urais, na kabla mwezi haujaisha akawa mwanachama wa CHADEMA, kisha mgombea urais wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Dkt. Slaa akajiondoa kwenye siasa za vyama. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Mtu ni yuleyule na karatasi za Richmond ni zilezile. Kilichobadilika ni rangi ya shati.

Nilikuwa dawatini majira hayo. Walikuwapo waandishi waliomwita fisadi kwa miaka saba mfululizo, na ilipofika Agosti wakaanza kuuliza, "Ushahidi uko wapi? Mbona hajafikishwa mahakamani?" Na walikuwapo waliomtetea muda wote huo kwamba alibebeshwa msalaba wa wengine, na wiki ileile wakagundua kwamba kumbe ni fisadi. Nilikuwa nikizipanga kwenye ukurasa mmoja, hii kushoto na ile kulia, na ilikuwa kama kutazama watu wakibadilishana mashati katikati ya uwanja.

Toa makala za mwandishi wako za kabla ya Julai 2015, kisha za Agosti na Septemba, halafu za Machi 2019. Zisome mfululizo jioni moja. Kubadili mawazo peke yake si kosa. Kama aliandika, "Nilimshambulia mtu huyu kwa sababu hizi, leo namuunga mkono kwa sababu hizi, na hizi za zamani nazijibu hivi," amefaulu, hata kama hukubaliani naye. Kama aligeuka kimyakimya, kana kwamba ya zamani yaliandikwa na mtu mwingine, basi alikuwa shabiki. Na shabiki, Mwalimu, si lazima awe amenunuliwa. Wengi hushangilia bure.

Ukimaliza Lowassa, mpime na wale wabunge na madiwani wa upinzani waliohamia CCM miaka ya 2017 na 2018 "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Kama aliona kuhama ni usaliti pale mtu alipoondoka upande wake, aliona nini mtu alipohamia upande wake?

Lakini unaposoma ya kipindi hicho, nakuomba uweke kitu kingine kwenye mizani. Kati ya Juni na Oktoba 2017 yalifungiwa magazeti: Mawio miezi 24, MwanaHALISI miezi 24, Raia Mwema siku 90 na Tanzania Daima siku 90. Makatazo kwa magazeti yaliyokuwa yamebaki nje yaliondolewa Februari 2022. Katikati ya hapo kuna makala hazikuandikwa, na nyingine ziliandikwa kwa mafumbo ambayo hata mimi mhariri niliyafumbua kwa shida. Ukikuta mwandishi wako alikwepa jambo zito mwaka huo, usikimbilie kusema alishika mshiko. Mtu mwenye watoto, na mhariri mwenye waajiriwa arobaini, huogopa pia.

Sasa nikueleze kupinda kwenyewe kunavyotokea, kwa sababu watu hufikiria bahasha iliyojaa ikipita chini ya meza. Bahasha zipo, lakini kwenye safu si ndizo zinazofanya kazi kubwa.

Safu hailipi. Mwandishi wa nje hulipwa kwa makala, malipo hucheleweshwa, na wengine huandika bure kwa ajili ya jina. Basi anaishi kwa kitu kingine: anafundisha, anafanya ushauri elekezi, anaandika ripoti za mashirika, anaendesha semina za wizara. Hakuna anayemwambia asiandike. Anajiambia mwenyewe. Jumapili usiku anakaa kuandika kuhusu wizara fulani, anakumbuka kwamba Alhamisi ana semina yao, na ghafla anaona kuna mada nyingine yenye uzito zaidi wiki hii. Upendeleo mwingi wa kwenye safu una sura hiyo. Ni ukimya, na ukimya hauwezi kuukata na mkasi ukauweka kwenye faili.

Hata sisi wahariri tumo. Nakiri moja. Ililetwa kwangu makala nzuri iliyoikosoa kampuni iliyokuwa ikitupa matangazo ya ukurasa mzima kila wiki. Hakuna aliyenipigia simu. Nilimwambia mwandishi "nafasi haikutosha", na wiki iliyofuata nikamwambia hivyo tena. Nafasi ilikuwapo. Jingine: nilichapa makala ya mtu niliyemheshimu akisifu mpango wa taasisi moja, na baadaye nikaja kujua ndiye aliyeiandikia mkakati wake wa mawasiliano. Hakusema uongo hata mstari mmoja. Sikumuuliza, naye hakusema, na msomaji akalipia tangazo akidhani ni maoni.

Marekani kesi kama hiyo ilifika mbali. Januari 2005 ilifichuka kwamba mchambuzi Armstrong Williams alikuwa amelipwa na Wizara ya Elimu dola 240,000 kuisemea sheria ya elimu ya serikali ya Bush. Alijitetea kwamba sheria ile aliiamini kwa dhati, na inawezekana ni kweli. Kampuni iliyokuwa ikisambaza safu yake ilimwacha hata hivyo, kwa sababu tangu siku hiyo msomaji hakuwa na njia ya kutenganisha alichoamini na alicholipiwa.

Na kuna jambo moja lisilo mikononi mwa mwandishi: nyumba anamoandikia. Machi 2018 waandishi wa safu wanane wa magazeti ya Nation jijini Nairobi, miongoni mwao Maina Kiai, George Kegoro, Rasna Warah na Padri Gabriel Dolan, walijiuzulu kwa pamoja wakisema uhuru wa uhariri umepotea. Miaka miwili kabla, kampuni hiyo ilikuwa imeachana na Denis Galava baada ya tahariri ya Mwaka Mpya iliyomkosoa Rais Uhuru Kenyatta, na pia na mchoraji katuni wetu Mtanzania, Gado. Mpaka leo sina uhakika kama kuondoka kwa wale wanane kulisaidia. Waliondoka na heshima yao, ila ukurasa ukabaki na wale ambao hawakuwa na la kusema. Rafiki zangu wawili Nairobi walikosana kwa ajili ya swali hilo.

Turudi kwa mtu wako. Njia ya kutoka kwenye kalamu kwenda Ikulu ni ya zamani kuliko wewe kazini. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa Daily News mwaka 1972 kabla ya kuwa mwandishi wa habari wa Rais, na hatimaye Rais mwenyewe. Salva Rweyemamu alitoka kwenye magazeti ya Habari Corporation akawa msemaji wa Ikulu ya Kikwete. Kenya, mchumi David Ndii aliichapa serikali ya Jubilee, ya Uhuru Kenyatta, kwenye safu yake ya Nation kuliko karibu mtu yeyote. Baadaye akawa mwenyekiti wa washauri wa uchumi wa William Ruto, ambaye katika serikali ileile ya Jubilee alikuwa Naibu Rais. Wasomaji wao nao walijiuliza unachojiuliza. Lakini uteuzi wenyewe hauthibitishi kitu. Wateuzi nao husoma magazeti, na mara nyingine humchukua mkosoaji kwa sababu ni hodari, mara nyingine kwa sababu akiwa ndani hatasikika nje. Katika yote mawili, aliyoandika mwaka 2016 hayageuki kuwa uongo mwaka huu. Hoja ikiwa na ushahidi inasimama bila mwenyewe. Hata wanafunzi wako uliwapa hoja, hukuwapa mtu.

Pa kuchunguza ni mwaka wake wa mwisho. Ninachotafuta mimi kwenye makala za mtu anayenyemelea uteuzi, au aliyekwisha kunyemelewa, ni hiki. Kwanza lawama hushuka ngazi. Aliyekuwa akimkosoa mkubwa kwa jina anaanza kuandika kwamba mkubwa ana nia njema, "wasaidizi wake wanamwangusha". Ukiona sentensi hiyo mara tatu ndani ya miezi miwili, anza kuhesabu siku. Halafu mada huhama: anaandika kuhusu Gaza, kuhusu uchaguzi wa Marekani, kuhusu maadili ya vijana wa siku hizi, kuhusu Simba na Yanga. Zote ni mada halali, na mimi napenda makala za Simba na Yanga kuliko nyingine zote. Ila mtu aliyekuwa akiandika bajeti ya maji kwa miaka kumi hahamii kwenye soka bila sababu.

Kama mwaka wake wa mwisho unafanana na wa kwanza, waambie wenzako ofisini wakuletee makala moja tu inayothibitisha wanachosema. Na ukikuta lawama zilianza kushuka ngazi, umepoteza mwaka mmoja wa safu, si kumi na zaidi. Kosa la wazi kabisa, ambalo mimi nisingemsamehe, ni kama anaendelea kuandika kwa jina na picha ileile na chini hapajaandikwa cheo chake kipya. Safu aiache, au aandike kama mtumishi wa serikali na msomaji ajue.

Sasa wewe. Kubali, kwa masharti.

Kabla ya kumjibu mhariri, nenda kwa watu wawili ana kwa ana. Kama umeajiriwa na serikali, muone afisa utumishi wa halmashauri yako, na ikibidi ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Kuwa na kadi ya chama si kosa kwa mtumishi, ila kanuni za utumishi wa umma zinakudai usibebe itikadi kazini na usitoe taarifa za ofisi, na mimi kwa mbali siwezi kukuchorea mpaka huo unapita wapi kwa cheo chako. Mtu wa pili ni mwanasheria, siku ile utakapotaka kumtaja mtu kwa jina na kumhusisha na wizi. Maoni hulindwa yakisimama juu ya ukweli unaoweza kuuonyesha. "Kila mtu anajua" haikubaliki kortini. Ukija kulalamikiwa, au gazeti likikupotosha wewe, anza na mhariri kwa maandishi, kisha liko Baraza la Habari Tanzania, ambalo wanahabari walilianzisha wenyewe mwaka 1995 na hukaa na pande mbili kusuluhisha.

Kadi yako iandike kwenye safu ya kwanza kabisa, sentensi moja, bila kuomba radhi. Ukigombea hata uongozi wa tawi, au ukimpigia mtu kampeni, simamisha safu mpaka uchaguzi upite. Kila makala ukiimaliza, chukua aya yako kali kuliko zote, ubadilishe jina la chama uweke la chama chako, uisome kwa sauti. Ukiona sasa imekuwa ya uonevu, basi ilikuwa ya uonevu tangu mwanzo. Na mtafute mwalimu mmoja wa upande wa pili, najua yupo hapo ofisini anakucheka sasa hivi, umsomee ile sehemu unayoeleza hoja yao. Akisema "hatusemi hivyo", andika upya kabla hujatuma.

Mwambie mhariri unataka kuona kichwa cha makala kabla hakijachapwa, maana kichwa hatungi mwandishi, na nusu ya ugomvi nilioamua dawatini ulianzia kwenye kichwa. Muulize nani mwenye gazeti, na nani anatangaza humo. Asipotaka kukujibu hilo la mwisho, safu usianze.

Na yule mwandishi wako mwandikie barua wiki hii. Usimuulize kama alinunuliwa; hakuna atakayejibu swali hilo. Muulize alitafutwa lini kwa mara ya kwanza. Akikupa tarehe, utajua faili ulisome kuanzia ukurasa gani.